RISALA YA KUNUNUA TUMBAKU: KWA JIRANI AU KWA SIMU

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Twamshukuru kwa kutuhalalishia biashara na kutuharimishia riba, na twamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyi biashara, na watu wa Makka wakimwita Mwaminifu. Na rehema ziwafikie jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Mzee mmoja wa hapa kwetu Maramba alinijia baada ya sala ya Alasiri, akaniuliza swali ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, na kwa ndani yake ni kubwa. Nikamjibu kwa maneno machache, naye akaenda zake. Lakini nilipolala usiku ule niliona ya kuwa sikumjibu sawasawa, bali nilikwepa, kwa sababu jawabu lake lilinigusa mimi mwenyewe. Basi nimeandika karatasi hizi ili nimjibu yeye, na nijijibu nafsi yangu, na wafaidike ndugu zetu wengine watakaozisoma.

SWALI

Alisema: "Mwalimu, mimi ni mvutaji wa kiko tangu ujana wangu katika mashamba ya mkonge. Tumbaku yangu huinunua dukani kwa jirani, naye hunipa hata siku nisiyokuwa na fedha, akaandika katika daftari lake. Sasa mwanangu aliyeko Dar es Salaam amenionyesha katika simu tumbaku ya kopo, nzuri kuliko hii yetu. Watu huiagiza, hupeleka fedha kwa simu, na kopo likaletwa kwa basi. Je, yajuzu kuinunua hivyo? Na ikiwa yajuzu, je, nitakuwa nimemdhulumu jirani yangu?"

JAWABU

Mzee huyu ameuliza mambo mawili, na la tatu hakuliuliza, nalo ndilo la kwanza kwa haki ya kujibiwa: tumbaku yenyewe ni nini katika sharia? Kwani mtu hapimi mizani kabla ya kujua apimacho. Basi nitaanza na hilo, kisha nije kwenye kununua kitu kisichoonekana, kisha kwenye haki ya jirani, kisha nihitimishe kwa jambo lililonipata mimi.

FASLI YA KWANZA: Tumbaku yenyewe

Fahamu, ewe ndugu, ya kuwa tumbaku haikutajwa na maimamu wetu wa kale, kwa kuwa hawakuiona. Asili yake ni bara ya Amerika, na kufika kwake katika nchi za Waislamu kulikuwa kiasi cha mwaka 1000 wa Hijra. Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake ndiyo tusomayo na kusomesha katika pwani hii yote, alikufa mwaka 676 wa Hijra, yaani mwaka 1277 wa miladi. Ibn Hajar Al-Haytami alikufa mwaka 974 wa Hijra. Basi atakayekuambia ya kuwa Imamu Shafi'i alihalalisha tumbaku au aliiharimisha, mwambie ya kuwa amemsingizia maiti.

Ilipofika, maulamaa walikhitalifiana sana. Katika madhehebu yetu, Al-Qalyubi, aliyekufa mwaka 1069 wa Hijra, alisema ni haramu kwa sababu ya madhara yake mwilini. Al-Bajuri, aliyekuja baada yake na kuwa Sheikh wa Azhar, aliiona kauli hiyo ni dhaifu, akasema ni makuruhu. Katika Mahanafi, Abdulghani An-Nabulusi wa Sham aliandika kitabu kizima cha kuitetea. Na katika watawala, Sultani Murad wa Nne wa Waturuki aliipiga marufuku mwaka 1633, akawaua watu kwa ajili yake, na watu hawakuacha kuivuta. Hili pekee latosha kutufahamisha ya kuwa upanga hauondoi mazoea.

Sasa tazama kwa makini walichokhitalifiana. Hawakukhitalifiana ya kuwa kinachomdhuru mtu ni haramu. Hilo wamelikubali wote, kwani katika Suratul-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizo. Walichokhitalifiana ni kama tumbaku yadhuru au haidhuru. Aliyesema ni makuruhu alisema hivyo kwa kuwa madhara yake kwake hayakuwa ya yakini. Na kanuni ya fiqhi ni kuwa hukumu huzunguka pamoja na illa yake: illa ikiwapo hukumu huwapo, na illa ikiondoka hukumu huondoka.

Leo jambo hilo si la kubahatisha tena. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwachunguza wagonjwa wa hospitali za London, wakabainisha ya kuwa wenye saratani ya mapafu karibu wote walikuwa wavutaji. Na Shirika la Afya la Dunia limehesabu ya kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Wala asinidanganye mtu kwa kusema ya kuwa kiko si sigara. Mwenye kiko kweli huenda asivute moshi mpaka kifuani, lakini mdomo, ulimi na koo hupata sehemu yao. Na atiaye tumbaku katika tambuu, pamoja na popoo na chokaa, hatoi moshi kabisa, naye pia hasalimiki na saratani ya kinywa.

Kwa hiyo mimi, pamoja na kumheshimu Al-Bajuri na kukisoma kitabu chake tangu nina ndevu changa, naelekea kwa wale waliosema ni haramu. Naona ya kuwa lau yeye angalipata khabari tulizonazo sisi, angalisema hivyo. Lakini simwiti fasiki ndugu yangu anayeshika kauli ya makuruhu, kwani hiyo ni kauli ya mwanachuoni mkubwa, na mwenye kushika kauli ya mwanachuoni hatukanwi. Namwambia tu: umeshika kauli iliyojengwa juu ya shaka, na shaka imeondoka.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa ndivyo, kwa nini uendelee kusema juu ya kuinunua? Jawabu ni kwamba wako wengi wanaoshika kauli ya makuruhu, na hao bei yao husihi kwa kauli yao. Kisha haya tutakayoyasema hayahusu tumbaku peke yake. Kanzu, mchele, dawa, kitabu na simu yenyewe siku hizi huagizwa kwa njia hii hii. Tumbaku ni mlango tu.

FASLI YA PILI: Kununua usichokiona

Katika madhehebu yetu, kinachouzwa kina masharti matano: kiwe twahara, kiwe na manfaa, kiweze kukabidhiwa, kiwe milki ya mwenye kuuza, na kiwe kinajulikana na wote wawili. Kujulikana huku, kwa kitu kilichopo, ni kukiona. Imamu Nawawi amesema katika Minhaji ya kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba kuuza kitu kisichoonekana hakusihi. Na iko kauli ya pili ya Imamu Shafi'i, ya kuwa husihi, na mnunuzi ana hiari atakapokiona: akitaka atakichukua na akitaka atakirudisha.

Mtu wa leo akisikia haya huona ni ukali. Lakini mtazame mzee wetu dukani kwa jirani. Huichukua tumbaku ya majani mkononi, huikunjua, huinusa, huvunja kipande kidogo na kukisugua kwa kidole gumba ili ajue kama ni kavu au ina maji, kisha ndipo atoapo fedha yake. Hakuna aliyemfundisha fiqhi, naye anaitenda. Ukali huu ulioandikwa katika vitabu ni busara ya mnunuzi tu, ambayo maulamaa wameifanya kuwa sharti ili mwenye nguvu asimle mnyonge.

Wajua khabari ya Mtume (S.A.W.) katika soko la Madina. Alipita penye fungu la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata unyevunyevu. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema mvua imekipata. Mtume akamlaumu kwa kutokiweka kile kilichorowa juu ili watu wakione, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Tazama: Mtume hakutosheka na kutazama, alitia mkono. Na mkono hauingii katika simu.

Picha uionayo katika simu si kile utakachokabidhiwa. Ni picha ya kopo jingine, pengine lililopigwa picha katika nchi nyingine na mtu mwingine. Wala mtu asidhani ya kuwa duka la jirani limesalimika lote. Kopo lililozibwa, hata liwe juu ya rafu mbele ya macho yako, ndani yake hukuoni. Maulamaa walisema ya kuwa kuona ganda kwatosha katika komamanga na yai, kwa sababu ganda lile ni la maumbile na hulinda kilichomo. Kopo la bati si ganda la maumbile. Basi ugumu uko huku na huku, ila ukiwa kwa jirani waweza kurudi kesho ukamwambia: tumbaku hii imeota ukungu.

Je, hakuna njia ya kuagiza kutoka mbali ikawa sahihi? Ziko njia tatu, nami nitazieleza kwa ufupi.

Njia ya kwanza ni salam. Nayo ni kutoa thamani sasa kwa kitu kilichosifiwa, kilicho katika dhima ya muuzaji. Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakiuziana matunda ya mwaka na miaka miwili, akawaruhusu kwa sharti la kipimo kijulikanacho, uzani ujulikanao na muda ujulikanao. Katika madhehebu yetu salam haiwi juu ya kitu maalumu, bali juu ya sifa: tumbaku ya namna fulani, gramu kadhaa, hali yake hivi, ifike mahali fulani. Na thamani lazima itolewe katika kikao kile kile. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1990 ya kuwa mapatano kwa simu na mfano wake ni sahihi, lakini likatoa nje mambo matatu: nikahi kwa ajili ya mashahidi, kubadilishana fedha kwa ajili ya kukabidhiana papo hapo, na salam kwa ajili ya kuharakisha thamani. Wakati ule fedha haikuweza kufika pamoja na sauti. Leo mtu hutuma fedha kwa simu, na kabla hawajamaliza kuzungumza muuzaji amekwisha kuipata. Basi naona illa waliyoiogopa imeondoka katika hali hiyo. Hii ni rai yangu, na mwenye ujuzi zaidi anisahihishe.

Njia ya pili ni kushika ile kauli nyingine ya Imamu, ambayo ni karibu na madhehebu ya Imamu Abu Hanifa: kununua kwa sifa, ukawa na hiari ya kurudisha utakapokiona. Lakini hiari hii iwe ya kweli. Muuzaji aliyeandika kuwa mali ikishauzwa hairudishwi, ameiondoa hiari, na kwa kuiondoa ameondoa hoja ya kuhalalisha bei yake.

Njia ya tatu ndiyo salama kuliko zote, nayo wanaijua hata wasiosoma: kulipa mzigo ukifika. Mazungumzo ya kwenye simu yawe ni ahadi tu, si bei. Mzigo ukifika mlangoni, ufunguliwe, utazamwe, unuswe. Ukiupenda ndipo mfanye bei, utoe thamani, uchukue. Hapo hukununua kisichoonekana, bali umenunua mbele ya macho yako kama sokoni. Lakini wasifunge bei kwa simu, huku tumbaku haijaletwa na fedha haijatolewa. Kwani hilo ni kuuza deni kwa deni, nalo limekatazwa.

Kisha yako mambo mawili ambayo ndugu zetu vijana wanaofanya biashara ya simu lazima wayajue. La kwanza: wengi wao hawana mali wanayoiuza. Huchukua picha katika duka la Kariakoo, huongeza bei, huitangaza, hupokea fedha, kisha ndipo waendapo kununua. Sahaba Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (S.A.W.) jambo kama hili hili, naye akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Dawa yake si ngumu: kijana na aseme kwa uwazi, "Mimi ni wakili wako, nitakununulia, na ujira wangu ni kiasi hiki." Hapo imekuwa halali, tena imekuwa na baraka.

La pili ni mzigo uliopotea njiani. Kopo hutoka Dar es Salaam likapita Chalinze na Segera mpaka Tanga, kisha likapita Mabokweni ndipo lifike Maramba. Likipotea, ni la nani? Katika madhehebu yetu, kilichouzwa kiko katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi akikabidhiwe. Basi likipotea ni lake muuzaji, naye hurudisha thamani, ila ikiwa mnunuzi mwenyewe ndiye aliyemchagua mwenye basi na kumfanya wakili wake wa kupokea. Watu wengi hugombana kwa kuwa hawakulisema jambo hili mwanzo. Lisemeni mwanzo.

FASLI YA TATU: Haki ya jirani

Twarudi kwenye swali la pili la mzee: je, ameidhulumu nafsi ya jirani yake?

Kwa hukumu ya kadhi, la. Jirani hana haki juu ya fedha yako mpaka uwe umemkopa. Sharia haikumpa mwenye duka milki juu ya mfuko wa mtu wa mtaa wake, wala haikumlazimisha mtu kununua ghali penye rahisi. Katika hadithi sahihi Mtume (S.A.W.) alikataza mtu wa mji kumuuzia mtu wa shamba, na akasema ya kuwa watu waachwe waruzukiane. Hata mwenye duka mwenyewe asidai ujirani huku akiuza kwa bei ya kumkaba mtu asiyekuwa na nauli ya kwenda Tanga. Ujirani si leseni ya kula watu.

Lakini, ewe ndugu, si kila kisichohukumiwa na kadhi hakiulizwi na Mola. Jibrili alimuusia Mtume juu ya jirani mpaka Mtume akadhani atamrithisha. Na Bi Aisha alipouliza ni yupi katika majirani zake wawili ampe zawadi, aliambiwa ni yule ambaye mlango wake u karibu zaidi. Najua ya kuwa hadithi hii ni ya zawadi, si ya biashara. Lakini yatuonyesha ya kuwa ukaribu wa mlango una uzito wake katika dini. Si neno tupu.

Nami nataka tuseme ukweli juu ya hili daftari la deni. Mwezi ukiwa mgumu, mvua imeharibu, mtoto ana homa, nauli imekwisha, twaenda kwa jirani: "Niandikie unga kilo mbili, niandikie sukari, niandikie tumbaku." Naye huandika, wala haongezi riba, wala hatuombi dhamana, kwa kuwa atujua. Kisha siku tupatapo fedha za mavuno, au mtoto aliye mjini atutumiapo, zile fedha taslimu twazituma mbali kwa mtu tusiyemjua. Shida zetu twampelekea jirani, na neema zetu twampelekea mgeni. Je, huu si upungufu wa murua? Hata asiyesoma chuoni alijua: mwenye kukuandikia wakati wa dhiki, haki yake ni kumkumbuka wakati wa faraji. Na lililo baya zaidi, wako wanaotuma fedha mbali hali jina lao limo katika daftari la jirani tangu mwezi wa Shaabani. Huyo si kwamba amepungukiwa na murua tu; huyo amechelewesha deni naye anao uwezo, na kuchelewesha kwa mwenye uwezo Mtume (S.A.W.) amekuita dhuluma. Mzee wangu, kama wewe ni katika hao, basi jawabu la swali lako ni naam, umemdhulumu. Si kwa kununua mbali, bali kwa kununua kabla ya kulipa.

FASLI YA NNE: Haya, na lililonipata

Sasa nafika pale nilipokwepa.

Mimi pia nilikuwa mvutaji wa kiko. Nilikianza nilipokuwa mwanafunzi, kwa kuwaona wakubwa wangu, na nikaendelea hata nilipokuwa na chuo changu. Wanafunzi wangu walipoongezeka nikaanza kuona haya kusimama dukani mbele ya wazee wao na kusema, "Nipe tumbaku." Badala ya kuacha tumbaku, niliacha duka. Nikaagiza kopo kwa simu kutoka kwa muuzaji wa mbali nisiyemjua uso, nikatuma fedha, nikajiambia ya kuwa namwepusha mtoto na kuona mfano mbaya, na ya kuwa kusitiri aibu ni jambo lililosifiwa.

Kopo lilikuja kwa basi. Mwenye basi akampa kijana wa bodaboda, na kijana wa bodaboda, kwa kuwa alikuwa na haraka, akampa mtoto mmoja wa chuo changu aliyekuwa akipita na juzuu yake mkononi. Mtoto akaja nalo mpaka barazani, karatasi imechanika, jina la tumbaku na picha ya kiko viko wazi. Akanipa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama tulivyomfundisha. Akasema, "Mwalimu, mzigo wako." Alikuwa hajatimia miaka kumi na miwili. Na jirani mwenye duka, ambaye daftari lake wakati huo lilikuwa na unga wangu wa wiki mbili, alikuwa amekaa barazani mwangu akiniuliza masala ya mirathi. Akaona, akanyamaza, akaendelea na masala yake.

Kopo lenyewe nilipolifungua halikuwa kama picha. Tumbaku ilikuwa kavu kama majani ya mwembe wakati wa kaskazi. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena siku ya pili, haikupatikana. Wala sikuwa na uso wa kumshitaki mtu yeyote. Ningemwambia nani, na ningesema nimedhulumiwa katika nini?

Katika jambo hili nilijifunza mambo matatu, nami nayaandika kwa kuwa ndiyo kiini cha jawabu langu.

La kwanza ni kuwa kusitiri aibu kulikosifiwa ni kwa mtu aliyejuta, si kwa mtu anayetafuta nafasi ya kuendelea. Mimi sikutafuta sitara, nilitafuta wasaa.

La pili ni kuwa ile haya niliyokuwa nikiiona dukani ilikuwa neema, nami nikaidhania ni taabu. Macho ya jirani ni ukuta. Mtu akienda kununua kilicho kibaya hupita mbele ya watu wanaomjua, na moyo wake humwuliza njiani mara kumi. Simu imeuondoa ukuta ule. Haikuniondolea macho ya Mwenyezi Mungu, bali imeniondolea macho yaliyokuwa yakinikumbusha.

La tatu ni juu ya watoto. Sheria ya nchi ya mwaka 2003 imekataza kumuuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18. Jirani mwenye duka amjua mtoto, amjua baba yake, na akija kwa tumbaku atamwuliza, "Umetumwa na nani?" Aliye mbali hauoni uso, aona namba ya simu na fedha iliyoingia. Namba ya simu haina umri. Basi katika kila kitu kinachodhuru, muuzaji anayekuona ni bora kuliko asiyekuona, hata akiwa ghali.

Nikaacha kiko. Sisemi kwa kujisifu, kwani niliacha na kurudi mara mbili, na mara ya tatu ndipo Mwenyezi Mungu aliponisaidia. Bori na digali yake nilivivunja mwenyewe, wala sikumpa mtu, kwa kuogopa kumrithisha mwenzangu maradhi yangu.

Kisha nikaenda kwa jirani yangu. Nikalipa deni lote, nikamwambia: "Tumbaku sitanunua tena kwako wala kwa mwingine. Lakini unga, sukari, mafuta na sabuni nitanunua kwako kwa fedha taslimu, hata nikipata rahisi mbali." Akacheka kidogo, kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo sijalipatia jawabu kamili. Alisema, "Mwalimu, nashukuru. Lakini tumbaku ndiyo inayonileteaa watu. Mtu huja kwa tumbaku ya shilingi chache, akakumbuka na kibiriti, akakumbuka na chumvi. Nikiitoa, watapita kwenda duka la mbele, na duka la mbele halitawaandikia deni wajane."

Nilimwambia ya kuwa riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na ya kuwa katika Suratul-Maida, aya ya 2, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Maneno haya ni ya haki. Lakini nilipokuwa nikiyasema niliona ya kuwa ni rahisi kwangu kuyasema mimi nisiyekuwa na duka. Haki hiyo huwa nyepesi kwake pale tu sisi majirani tutakapoibeba pamoja naye. Tukimwambia aitoe tumbaku rafuni, kisha tukapeleka fedha zetu za unga na sabuni mbali, tumemwamrisha mema na tumemnyima njia ya kuyatenda.

KHATIMA

Mzee wangu, basi jawabu lako kwa ufupi ni hili. Tumbaku, iache, kwani madhara yake yamebainika, na umri wako wahitaji nafasi ya toba kuliko nafasi ya moshi. Ikiwa bado unashika kauli ya makuruhu, basi usinunue kwa simu usichokiona ila kwa sharti la salam, au kwa hiari ya kweli ya kurudisha, au ulipe baada ya kufungua na kuona. Lipa daftari la jirani kabla ya kutuma shilingi moja mbali. Na usiikimbie haya ya dukani. Ikae nayo, huenda ikakuokoa.

Na nyinyi mlio imara na hamkuvuta kamwe, msijione. Kila mmoja wetu ana kopo lake alilotumiwa kwa siri. Na nyinyi wenye maduka, punguzeni bei kwa kadiri muwezavyo, wala msighushi mizani, ili tusiwe na udhuru wa kuwapita. Na nyinyi vijana wa biashara ya simu, muwe mawakili waaminifu, mseme mlicho nacho na msicho nacho. Kwani Mtume wenu alifanya biashara kwa mali ya Bi Khadija, akaenda nayo mpaka Sham, naye hakuwa amesimama juu yake. Uaminifu wa mbali wawezekana. Bali huo ndio uaminifu wenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusihitajie haramu yake, na awape wenye maduka yetu riziki isiyo na moshi. Na amsamehe mwandishi, na msomaji, na mtoto aliyeubeba mzigo asioujua.

Wallahu aalam.